Matangazo ya Vifo na Mgeni Ambaye Hajala

Kazi yangu ni kuwauliza watu walisikiliza nini redioni jana. Si leo, wala si juzi. Jana, tangu walipoamka hadi walipolala. Nikilitaja hilo salonini watu hucheka, wakaniuliza kama kweli kuna mtu anayelipwa kwa umbea wa namna hiyo. Yuko, ni mimi. Nilianza kama mwandishi wa habari za redio, yaani niliandika kuhusu redio zenyewe: nani amehamia stesheni gani, nani amepewa kipindi cha asubuhi na nani amenyang'anywa. Baadaye kampuni moja ya utafiti ya Nairobi ikanitafuta niwasimamie wahojaji wake wa huku Kakamega. Mume wangu husema kwamba hatimaye nimepata mtu wa kunilipa kwa ugonjwa niliozaliwa nao.

Wahojaji wangu huenda nyumba hadi nyumba na tableti mkononi. Wanamwuliza mwenye nyumba jana ilivyopita, robo saa kwa robo saa, na majibu hayo yakikusanywa huwa mstari unaopanda na kushuka. Mstari huo ndio wanaouangalia wenye stesheni wanapoamua kipindi kipi kiishi na kipi kife. Mtangazaji anaweza kuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini asipoonekana kwenye mstari wetu, hayupo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tuna kanuni zetu. Mhojaji hakai zaidi ya dakika ishirini, hatoi maoni yake, na hali chakula cha watu. Hiyo ya mwisho Nairobi wanaishikilia kama Amri ya Kumi na Moja: ukila kwa mtu, wanasema, umekuwa mgeni wake, na mgeni hujibiwa kwa kufurahishwa. Niliiona ina akili. Mimi nililelewa Lugari, kwenye mashamba ya mahindi, na mama yangu alikuwa akimfukuza mgeni hadi barabarani na mahindi ya kuchemsha mkononi, kwa hiyo nilijua ni kanuni ngumu. Nikawafundisha wahojaji wangu namna ya kukataa kwa upole: "Asante sana mama, nimetoka kula sasa hivi."

Sasa nije kwa senje. Senje ni shangazi kwa lugha zetu za Kiluhya, na mjini kila mtu alimwita hivyo, hata meneja wake. Alikuwa anasoma matangazo ya vifo katika stesheni moja ya hapa, jioni, jua likishazama na kabla watu hawajaketi kula. Nusu saa nzima, kila siku. Angetaja marehemu, ukoo wake, alikoolewa au alikooa, watoto wake na wanakofanya kazi, mwili uko mochari gani, utatolewa lini na mazishi ni wapi. Hakuwahi kuharakisha. Akimaliza tangazo moja aliacha pumzi, kama mtu anayepisha jeneza mlangoni, ndipo akaanza lingine. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na miaka yote hiyo ulikuwa ukiongezwa bila mtu kuuliza.

Hadi meneja alipouona mstari. Asubuhi ulipanda, mchana ukalala, jioni ukaanza kupanda tena vizuri, halafu saa ya senje ukatumbukia shimoni. Kipindi chake kilipokwisha na muziki ukaanza, mstari ukaibuka tena, kana kwamba wasikilizaji wote wa kaunti walikuwa wamezima redio kwa pamoja wakangoja amalize.

"Unaona hili pengo?" meneja aliniambia ofisini kwake, akiligonga kwa kalamu. "Ni kama jino limeng'oka. Siku hizi watu wanatangaziana vifo WhatsApp. Mkataba wa senje unaisha mwisho wa robo hii ya mwaka, na siuongezi. Wahubiri wananipigia kila siku wakiitaka hiyo nusu saa."

Nilimpenda senje, na habari hiyo iliniuma. Lakini nikisema huruma ndiyo iliyonitoa ofisini nitakuwa nadanganya. Namba ile haikunikalia sawa. Imenitokea mara chache katika kazi hii: unaiangalia namba, huna kosa la kulinyooshea kidole, lakini inakuwasha kama shati lenye unyasi ndani. Nilimwomba meneja asitamke lolote mpaka robo iishe. Akakubali, kwa kuwa haikumgharimu kitu.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa Khayega kwa shughuli zangu, nikamwuliza mwendesha boda boda kama Jumamosi angeweza kunichukua kunipeleka Shinyalu. Alitikisa kichwa. Jumamosi, alisema, kuna mazishi huku, kuna mengine kule juu, na kuna ya mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi bandarini, hayo yatakuwa na watu wengi, pikipiki zote zitakuwa huko. Wenzake wakaingilia, wakamrekebisha na kumwongezea matanga mengine aliyoyasahau.

"Nyinyi mmejulia wapi haya yote?" nikauliza.

"Si senje alisoma," akasema mmoja. Wengine walinitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi.

"Kwani mnamsikilizanga?"

"Kila siku, madam. Bila hiyo Jumamosi utapanga aje kazi?"

Nilirudi mjini nikafungua majibu ya Khayega. Nyumba baada ya nyumba, saa ya senje ilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa vizuri, na kwangu mimi kuchanganyikiwa ni aina fulani ya raha.

Nilianza na stima. Huenda hupotea saa hiyo. Lakini stima ikipotea haimngoji senje amalize ndipo irudi kwa ajili ya muziki, na redio nyingi za huku ni za betri au za simu. Nikafikiria woga, kwamba watu hawapendi kutaja wafu giza likiingia. Lakini wahojaji wangu huenda mchana. Nikawashuku wahojaji wenyewe, Mungu anisamehe, kwamba wanakaa kwenye kibaraza cha duka na kujaza majibu ya uongo. Nikawafuata bila kuwaambia. Nilimkuta mmoja Malava, ndani kabisa ya miwa ya Kabras, viatu mkononi, akikataa viazi vitamu kwa adabu niliyomfundisha. Nilimwonea fahari, nikaondoka na swali langu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikachukua tableti nikaingia vijijini mwenyewe.

Nyumba za mwanzo zilinijibu kama zilivyowajibu wengine. Jioni? Tulikuwa tumenyamaza tu. Jioni? Ah, hatukuwa na kitu. Walijibu bila kusita, na macho yao hayakukwepa, nami nimeishi vya kutosha na waongo wa redio kumjua mwongo nikimwona. Lakini waliijibu saa ile upesi kuliko zingine, kama mtu anayefunga mlango wa chumba kisichofagiliwa.

Shianda ndiko nilikokamatwa na mvua. Mwenyeji wangu alikuwa mama wa rika langu, mume wake akipakia miwa kwenye matrekta, na mwanamke huyo hakuwa na muda wa kupoteza nami. Alinijibu huku akichambua mboga. Asubuhi redio hii, mchana hakuna kwa sababu alikuwa shambani. Nikafika jioni.

"Jioni hatukuwa na kitu," akasema.

Nilikuwa nabonyeza jibu hilo wakati mvua ilipoanguka kwenye mabati, ile ya kwetu ya alasiri ambayo haina salamu wala kwaheri. Dakika zangu ishirini zilikuwa zimekwisha. Niliinuka.

"Utaenda wapi na mvua hii? Kaa chini."

Nikakaa. Akaingia jikoni, na muda si muda nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Nilianza kuita kutoka sebuleni kwamba nimetoka kula sasa hivi. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Umekula wapi? Toka ufike hapa tumbo yako inaongea kunishinda. Ama unafikiri hapa tunaweka sumu?"

Nilishindwa. Alileta obusuma, ugali wetu, mrefu na wa moto, na mrenda pamoja na kipande cha kuku kilichobaki jana. Mvua ilikuwa ikipiga kiasi kwamba hatukuweza kuzungumza, tukala. Niseme ukweli, nilikula kama mtu aliyetolewa kifungoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nikizunguka kwa watu na biskuti kwenye mkoba.

Tulipomaliza alinimwagia maji mikononi, akatoa vyombo, akarudi akaketi karibu yangu kuliko mwanzo. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sasa madam," akasema, "jana jioni walisoma mwalimu wetu. Yule wa shule ya msingi hapa, alitufundisha sisi wote. Mwili iko mochari, wataleta Ijumaa. Mtoto wake ule wa Kisumu ndiye anasimamia. Mimi nililia mpaka sufuria ikaungua."

Nikamtazama. "Wamesoma wapi?"

"Kwa ledio. Senje alisoma."

"Lakini mama, nimekuuliza hapa hapa. Ukasema jioni hamkuwa na kitu!"

Naye akanitazama kwa mshangao uleule, kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kuelezwa jambo ambalo mtoto analijua.

"Sasa ulikuwa hujakula."

Yeye akaendelea, kwa upole kidogo sasa, maana aliona sijaelewa au nimeelewa ghafla. "Utaambia mgeni aje mambo ya maiti na hajaweka kitu kwa tumbo? Hiyo si unamfukuza? Hata mama yangu akifa saa hii, wewe ukiingia hapo mlangoni utapikiwa, utakula, ndio uambiwe. Kwani kwenu mnafanyanga aje?"

Kwetu tunafanya hivyo hivyo. Hilo ndilo lililonifanya nicheke peke yangu kwenye kiti cha watu. Baba yangu mdogo alipofariki, nilitoka mjini nikafika nyumbani nikakuta mama ananipakulia chakula bila kunitazama usoni, na nilipoona mlima wa ugali nilijua kuna jambo. Desturi hiyo naijua kama njia ya kisimani. Sikuwahi kuiweka meza moja na kazi yangu, basi. Upande mmoja Nairobi ilimkataza mhojaji kula. Upande mwingine Kakamega ilikatazwa kumwambia habari za kifo mtu ambaye hajala. Kanuni mbili zenye heshima zao zilikuwa zikipishana mlangoni kila siku, na senje alikuwa amekwama katikati. Wale vijana wa boda boda waliniambia kwa sababu stejini, pale wanapongojea abiria, hakuna mwenyeji wala mgeni, kila mtu yuko barabarani.

Nilimpigia mkubwa wangu wa Nairobi kabla matope hayajakauka kwenye viatu.

"Kwa hiyo," akasema baada ya kunisikiliza, "niandike kwenye ripoti kwamba kifaa chetu cha kupimia ni kuku?"

"Andika mrenda, nao unatosha."

Alicheka, lakini ni mtu anayependa kujua kama mimi, na hiyo ndiyo bahati niliyo nayo maishani. Aliniruhusu nifanye jaribio. Nusu ya wahojaji wakaendelea kukataa kama kawaida. Nusu nyingine wakaambiwa wakubali chochote watakachokaribishwa, na maswali ya jioni wayaache mpaka mikono ioshwe. Sijawahi kuona vijana wakifurahia kazi hivyo. Mmoja tu ndiye aliyerudi na jioni tupu kama zamani, nikamhoji kwa ukali, kumbe alikuwa akikaribishwa chai na mkate. Nikamwambia wewe ni wa wapi? Tangu lini chai ikaitwa chakula huku? Kesho yake alingoja ugali, na watu wakafunguka.

Majibu yalipokusanywa nilikaa na mstari mpya, nikauangalia mpaka chai ikapoa. Pengo halikuwapo. Mahali pale palipokuwa na shimo palikuwa na kilima, na kilima chenyewe kilikipita kipindi cha asubuhi, kile cha kijana wa vichekesho ambaye picha yake iko kwenye bango la kuingilia mjini. Mkubwa wangu aliyakagua, akayakagua tena, akayapitisha.

Nilimweleza senje mambo yote, na hapo ndipo aliposikia pia kwamba alikuwa ukingoni mwa kuachishwa. Alicheka hadi akavua miwani kupangusa macho. "Basi mwanangu," akasema, "nyinyi mlikuwa mnanipima na njaa." Halafu akaniuliza kama kweli ni watu wengi kiasi hicho. Nikamwambia ni wengi kuliko wa mtu mwingine yeyote pale stesheni. Jioni hiyo nilimsikiliza akisoma, na nilidhani namsikia ameketi wima zaidi.

Nikampelekea meneja ripoti mimi mwenyewe. Nilitaka kumwona anavyobadilika rangi, na alibadilika. Aliinuka kitini. Akaita watu wa matangazo ya biashara waje waone. Akaniambia hawakujua wameketi juu ya nini, kwamba hiyo sasa ndiyo saa kubwa kuliko zote, kwamba kampuni za bima zitaigombania. Nilitabasamu kama bibi harusi.

"Na saa kubwa," akasema, "inataka jina kubwa."

Sikumwelewa mara moja. Alikuwa tayari ameshika simu. Kijana wa asubuhi, alisema, yule wa bangoni, atahamishiwa jioni. Atasoma kwa heshima, ataacha utani, ana wafuasi, wenye bima wanampenda. Mkataba wa senje utaisha mwisho wa robo kama ulivyopangwa. Watamfanyia kasherehe, wampe cheti na blanketi zuri.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba watu wanasikiliza kwa sababu ya yule mama, kwamba hakuna anayetaka kusomewa kifo cha baba yake na mtu aliyemchekesha asubuhi. Aliniuliza kwa utulivu kama nina namba za kuonyesha hilo. Nimewauliza watu wanasikiliza nini miaka yote hii. Sijawahi kuwauliza kwa nini. Sikuwa nazo.

"Wewe ndiye unayeelewana naye," akasema nilipokuwa mlangoni. "Nisaidie umwambie."

Ningeweza kukataa. Lakini nilimwaza senje akiambiwa koridoni na mtu wa ofisi anayetazama saa, nikaona afadhali mimi. Kesho yake, mchana, nikachukua boda boda hadi Khayega, nikateremka kwake bila kupiga simu, siku ya kazi, nikiwa nimevaa viatu vizuri. Mtu yeyote wa kwetu anajua maana ya mgeni wa namna hiyo.

Alikuwa uani anaanika maharagwe. Aliniona tangu getini, akanitazama nikitembea, kisha akaacha maharagwe akaingia jikoni hata kabla ya salamu.

"Senje, sikai," nikamwita. "Nimekuja mara moja tu."

"Utakaa," akajibu kutoka ndani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alisonga ugali. Alipika kunde alizozichuma wakati nikimwangalia mlangoni, na mayai. Akanieleza habari za mvua, na za jirani aliyenunua ng'ombe mkorofi, na za binti yake wa Lugari aliyejifungua salama. Hakuniuliza lolote. Aliponipakulia, alipakua kidogo kwake, akawa anakimega kidogo hicho bila kukila. Mimi nilikula polepole nilivyoweza. Nilitafuna kila tonge kama mtu mwenye meno mabovu, nikaongeza mboga ambayo sikuitaka, maana nilijua kwamba mpaka sahani iishe bado yeye ni msomaji wa matangazo ya vifo.

Sahani ikaisha. Akainuka, akaleta birika na beseni, akanimwagia maji mikononi, akanipa taulo. Kisha akaketi mbele yangu, akavuta leso yake magotini, na kwa sauti ileile ya jioni, isiyoharakisha, akasema:

"Haya, mwanangu. Umekula. Nani amekufa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, la kijana na la bima na la cheti, hata la blanketi. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho aliacha pumzi, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na kipindi kitabaki?"

"Kitabaki, senje. Kimekuwa kikubwa."

"Basi msiba ni mmoja tu," akasema. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alikuwa ameshaanza kukusanya sahani.